Kusimamia Bwalo na Malazi Kwenye Kambi ya Jeshi Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na vijana wa Dodoma, Singida na Manyara waliosomea upishi, hoteli au utunzaji wa majengo, na mara nyingi na wazazi wao. Wamesikia kuna ajira kwenye kambi za majeshi ya kigeni na wanataka kuijua kazi yenyewe kabla ya kufunga begi. Mimi niliifanya chini ya mkandarasi, nikianzia jikoni hadi kuwa msimamizi, na sasa niko Dodoma nawanoa wanaotaka kuifuata. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu huugua, huumia au huibiwa. Kwingine nimepita haraka.

Msimamizi wa bwalo na malazi anafanya kazi gani hasa?

Anahakikisha kila aliyemo kambini anakula bila kuugua na analala bila kudhurika, siku zote za mwaka, sikukuu ikiwemo. Chini yake kuna wapishi, wagawaji wa kaunta, waosha vyombo, watunza stoo, wasafisha vyumba, watu wa dobi na mafundi wa matengenezo madogo. Asubuhi yake huanza na taarifa za usiku: majokofu yalisoma joto gani, wangapi walikula mlo wa usiku wa manane, vyumba vipi kiyoyozi kimegoma, nani hakufika zamu. Kisha anazunguka kuona kwa macho yake kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo.

Wengi wanadhani ni cheo cha mpishi hodari. Mpishi hodari ni mtu wa thamani sana, lakini msimamizi analipwa kwa ajili ya mambo ambayo hayakutokea: sumu ya chakula ambayo haikumpata mtu, moto ambao haukuwaka, shuka ambazo hazikukosekana siku wageni mia mbili waliposhuka kwenye ndege usiku.

Kambi hizi ziko wapi, na kwa nini jeshi liajiri raia?

Iliyo maarufu zaidi upande wetu wa Afrika ni Camp Lemonnier, Djibouti, pembeni ya uwanja wa ndege wa Ambouli. Zamani ilikuwa ya Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa. Wamarekani wapo tangu 2002, na huwa na watu wapatao 4,000. Djibouti hiyohiyo ina kambi za Ufaransa, Japani tangu 2011 na China tangu 2017. Nyingine kubwa ziko nchi za Ghuba.

Kuhusu raia, hesabu ni rahisi. Kila askari anayemenya viazi ni askari aliyetolewa kwenye kazi aliyofundishwa. Jeshi la Marekani lilianzisha mwaka 1985 mpango wa kutumia wakandarasi wa kiraia kwa chakula, malazi, maji, umeme na dobi, na operesheni ya Somalia ya 1992 ndiyo iliyoutumia kwa ukubwa kwa mara ya kwanza. Iraki na Afghanistani zikaukuza zaidi. Mkandarasi mkuu hutoa kazi kwa wakandarasi wadogo, na hao ndio huajiri Wanepali, Wafilipino, Wahindi, Wakenya, Waganda na sisi. Kwa hiyo mwajiri wako hatakuwa jeshi. Hili likae kichwani, kwa sababu utakapofika kwenye suala la mkataba ndilo litakaloamua umdai nani.

Vikosi vyetu vya JWTZ vinavyolinda amani navyo vinaajiri raia bwaloni?

Kwa kawaida hapana. Kwenye misheni za Umoja wa Mataifa, kama zile za Kongo, Lebanoni na Jamhuri ya Afrika ya Kati ambako Tanzania imepeleka askari, kila kikosi huja na wapishi wake wa kijeshi. Umoja wa Mataifa unaingia mkataba na kampuni ya kuleta vyakula vibichi na vikavu, kwa kiwango kilichopangwa cha kilokalori 4,500 kwa askari mmoja kwa siku. Nafasi za raia zipo kwa msambazaji huyo: maghala ya baridi, usafirishaji, ukaguzi wa mzigo.

Ni lazima niwe nimepitia JKT?

Si lazima. Ila aliyelala hanga, yaani bweni la kambi, pale JKT Makutupora, akafanya fatiki, yaani kazi za mikono za kambini, na kupanga foleni ya bwalo na kombania nzima, ana mwanzo mzuri. Anajua kwamba chakula kikichelewa dakika ishirini, ratiba ya watu mia tano inavurugika, na anajua kupokea amri bila kununa.

Nimezoea kupika kwenye harusi na misiba ya watu mia nne. Hiyo inatosha?

Ni mtaji mkubwa, usiudharau. Mtu anayeweza kuivisha pilau la watu mia nne kwa kuni, huku upepo wa Dodoma unavuruga moto, ana mikono na subira. Tofauti iko kwenye mambo mawili. Shughuli ni ya siku moja. Bwalo la kambi lina milo mitatu, mara nyingi na wa nne usiku wa manane kwa walio zamu, na kesho yake inaanza upya. Pili, kwenye shughuli tunakadiria kwa jicho, na kule unakadiria kwa kalamu.

Chukua mfano. Mchana unatarajia watu 600 wa kula kuku, kila mmoja gramu 150 za nyama iliyoiva. Hiyo ni kilo 90 zilizoiva. Nyama hiyo ikiokwa hupoteza takribani robo ya uzito wake, kwa hiyo unahitaji kilo 120 mbichi zisizo na mifupa. Kuku huyo ametoka friza, na kuyeyuka salama ndani ya jokofu kunachukua siku moja hadi mbili, maana yake oda ya stoo ya mlo wa Alhamisi inaandikwa Jumanne asubuhi. Ukisahau Jumanne, Alhamisi utajikuta unamwaga maji ya moto juu ya kuku aliyeganda, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia jikoni. Menyu huwa na mzunguko, siku 21 au 28, kwa hiyo mwenye daftari zuri anajua mlo huu mara iliyopita ulikula kilo ngapi na kilibaki nini.

Nikariri namba zipi za joto?

Hizi uzijue kama jina lako. Chakula cha baridi kisizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Chakula cha moto kikiwa kaunta kisishuke chini ya 57. Kati ya hapo bakteria wanazaliana. Kuku afike 74 katikati ya pande nene, nyama ya kusaga 68, samaki na vipande vizima vya ng'ombe 63. Friza iwe 18 chini ya sifuri. Majeshi ya Marekani yana kanuni moja ya pamoja ya usalama wa chakula, na wakaguzi wa afya huja nayo mkononi bila kukuarifu.

Sehemu inayowashinda wengi ni kupoza. Chakula kilichoiva na kinachohifadhiwa kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Saa za mwanzo ni chache kwa sababu bakteria hukua kwa kasi zaidi kwenye joto linalokaribia la mwili. Sasa fikiria sufuria kubwa la maharage la bweni lililofunikwa na kuachwa hadi asubuhi: katikati yake huwa vuguvugu usiku kucha. Au wali wa shughuli uliobaki. Mchele una bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha; wali ukikaa vuguvugu zinachipua na kutoa sumu, na ukiupasha moto kesho yake sumu inabaki palepale. Dawa yake ni kugawa: mimina kwenye trei zenye kina kisichozidi sentimita 5, usirundike, weka barafu chini, pima, andika saa.

Kipimajoto chenyewe nacho kipimwe. Kitumbukize kwenye barafu iliyosagwa na maji. Kikisoma sifuri, kiamini. Usitumie maji yanayochemka ukiwa hapa Dodoma: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kipimajoto kizima kitaonekana kibovu.

Kwa nini kuhesabu watu mlangoni kunapewa uzito kama ibada?

Kwanza, fedha. Malipo ya mkandarasi yanaweza kufuata idadi ya walioketi kula. Mwaka 2004 wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani walihoji bili za mabwalo ya Iraki na Kuwait kwa sababu milo iliyodaiwa ilikuwa mingi kuliko watu waliohesabiwa, na mgogoro huo uliwachukua mwaka na zaidi kuumaliza. Msimamizi anayezidisha idadi ili "kumsaidia bosi" anaweka sahihi yake kwenye udanganyifu. Kataa, hata ukiamriwa.

Pili, usalama. Idadi ya sahani inamwambia adui idadi ya askari, na saa ya mlo inamwambia wako wapi kwa pamoja. Tarehe 21 Desemba 2004, wakati wa chakula cha mchana, mtu aliyevaa mabomu aliingia kwenye hema la bwalo la kambi moja ya Mosul, Iraki, na kuua watu 22, wakiwemo askari wa Marekani na wa Iraki na wafanyakazi wa kiraia wa mkandarasi. Tangu hapo anayekaa mlangoni na kadi za watu hahesabiwi kuwa karani tu. Mweke mtu makini, mbadilishe kabla hajachoka, na usimruhusu rafiki yako apite bila kadi.

Chakula kinachobaki kinatupwa kweli?

Ndiyo. Kilichokaa nje ya joto salama kwa saa nne kinatupwa, na hakitolewi nje ya uzio. Kwa sisi tuliokulia Ugogo, tunaoijua miaka ambayo mvua inakatika Januari na uwele unakaukia shambani, kuona trei nzima ya nyama ikiingia pipani kunachoma moyo. Nami bado kunanichoma. Usijaribu kuponya uchungu huo kwa kuwagawia vijana wako mabaki nyuma ya jengo. Atakayeugua ni wao. Tiba iko kabla ya kupika: pika kwa mafungu. Watu 600 hawaingii kwa pamoja. Toa fungu la kwanza la watu 200, angalia mlango, toa la pili. Nusu saa ya mwisho choma kidogo kidogo. Utupaji unapungua sana bila mtu yeyote kukosa.

Stoo ina ugumu gani? Si kuweka na kutoa tu?

Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na wengine wengi waliugua ini. Mahindi yale yalikuwa chakula cha nyumbani, yamehifadhiwa na watu wenye nia njema. Anayetoka huku hahitaji kufundishwa kwamba nafaka yenye unyevu inaua. Basi lichukue somo hilo uende nalo: magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, hewa ipite, kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na mzigo wenye unyevu ukataliwe pale pale kwenye lori, kabla ya kusaini. Ukishasaini, ni wako.

Vyakula vya vifurushi vya vitani hudumu takribani miaka mitatu vikikaa kwenye nyuzi 27. Kontena la chuma lililoachwa juani Djibouti, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, linapunguza muda huo vibaya. Soma tarehe, lakini soma pia joto la ghala.

Na maji?

Pima klorini kila siku na uandike. Kwa nyuso za meza na mbao za kukatia, mchanganyiko wa miligramu 50 hadi 100 za klorini kwa lita unatosha. Ukiwa na dawa ya asilimia 3.5, mililita 3 kwa lita moja ya maji inafika takribani 100. Kuongeza dawa zaidi hakuongezi usafi, kunaongeza sumu. Kwa kuhara kunakosambazwa na virusi, vitakasa mikono vya spiriti havitoshi. Sabuni, maji yanayotiririka, sekunde ishirini. Na mfanyakazi aliyetapika au kuharisha asirudi kwenye chakula hadi zipite saa 48 tangu apate nafuu, huku akilipwa. Ukimkata siku hizo, kesho atakuficha.

Upande wa malazi, nini cha kuogopa zaidi?

Umeme, kisha moto, kisha maji yaliyolala.

Vyumba vingi vya kambi hizi ni makontena yaliyogeuzwa: kitanda kimoja au viwili, kabati, kiyoyozi, taa, na mabafu ya pamoja pembeni. Ni sanduku la chuma lenye waya ndani, kwa hiyo waya wa ardhini ukikosekana kuta zenyewe zinaweza kubeba umeme. Januari 2008 askari wa Marekani alikufa kwa kupigwa na umeme akioga kwenye jengo moja mjini Baghdad. Pampu ya maji haikuwa imeungwa ardhini ipasavyo, na kifo chake kilifikishwa mpaka kwenye vikao vya Bunge la Marekani. Mtu akikuambia "nikigusa bomba nahisi kama natekenywa", usiandike kwenye orodha ya wiki ijayo. Zima umeme wa bafu hilo, funga mlango, weka mtu asimame hapo, ita fundi mwenye cheti. Watu wataenda kuoga mbali na watalalamika. Waache walalamike.

Moto kwenye makontena yaliyopangwa bega kwa bega unahama haraka. Kagua waya za kurefusha zilizounganishwa moja juu ya nyingine, majiko madogo yaliyofichwa chini ya kitanda, vigunduzi vya moshi vilivyovuliwa betri, na njia kati ya safu zilizojazwa masanduku.

Maji yaliyolala ni jambo ambalo wengi hawajalisikia. Bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa, maji yake yakiwa vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, hukuza bakteria wanaoleta homa kali ya mapafu kwa anayevuta mvuke wake. Tangi la maji ya moto likae nyuzi 60 au zaidi, na kila bomba la bweni lililo tupu lifunguliwe kila wiki litiririke dakika chache. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, kwa jina, kwenye rosta.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Kunguni: kagua mishono ya godoro kila mgeni anapoondoka, na kifaa chenye kunguni kisizungushwe kambini. Panga walio zamu ya usiku kwenye safu moja, mbali na jenereta na njia ya magari, maana mtu asiyelala mchana atasinzia akiwa na silaha usiku. Kwenye mabweni ya wazi, vitanda vipishane kichwa na miguu ili kikohozi cha mmoja kisimfikie wa pili. Funguo zisainiwe. Na kamwe usiingie chumbani peke yako: bisha hodi, ingia na shahidi, andika saa.

Masuala ya dini na mila za chakula yanashughulikiwaje?

Kwa kutenganisha vyombo, kuweka vibao vinavyosomeka na kutodanganya. Nyama ya nguruwe iwe na koleo zake, mbao zake na sehemu yake ya kaunta. Kama hujui nyama ni halali au la, sema hujui na elekeza kwenye kilicho wazi kama samaki, mayai au dengu. Ramadhani ikifika, hamisha sehemu ya milo: futari ifungashwe kwa walio lindoni, daku iungane na mlo wa usiku wa manane. Karanga, maziwa na ngano ziandikwe kwenye kibao cha kila chakula, kwa ajili ya wenye mzio. Uzuri ni kwamba kijana wa Dodoma amekua akila Iddi kwa jirani na Krismasi kwao, kwa hiyo heshima hii ataibeba bila shida.

Nitaongozaje watu wa mataifa tofauti, wengine wakubwa kwangu?

Kwa kuwatunza kwanza. Kwenye kambi nyingi wafanyakazi wa mkandarasi hulala eneo lao, mbali na wanajeshi, na ubora wa vyumba vyao hutegemea nani anawasemea. Naamini msimamizi anayekagua mabweni ya askari kila siku na hajawahi kukanyaga bweni la waosha vyombo wake hajaianza kazi. Nenda kaangalie wanalala wangapi, maji yapo, chakula chao kinafanana na walichozoea. Mnepali akipata dali, yaani mchuzi wa dengu, na wali wake vizuri, na Mtanzania akipata ugali hata mara mbili kwa wiki, zamu inakwenda.

Lugha ya kazi ni Kiingereza. Kiwe cha kuandika ripoti fupi iliyonyooka na kusoma mkataba. Lafudhi haina shida. Maelekezo muhimu yaonyeshwe kwa vitendo, na umwombe mtu akuonyeshe alichoelewa. Akiitikia tu "sawa", hujajua kama kaelewa. Wakubwa kwako waite kwa heshima ya kwao, ukijifunza neno moja moja. Karipio litolewe faragha.

Wanawake wanapata nafasi hizi?

Wanapata, jikoni, kwenye malazi, dobi na ofisini. Uliza kabla ya kusaini: bweni la wanawake limetenganishwa na lina kufuli la ndani? Njia ya kwenda bafuni usiku ina taa? Malalamiko ya unyanyasaji yanapelekwa kwa nani asiye bosi wako wa moja kwa moja? Jibu likiwa "usiwe na wasiwasi, dada", uwe na wasiwasi.

Wakala ananitaka nilipe fedha ili anipatie nafasi. Nilipe?

Usilipe. Naomba hili lisomwe na wazazi pia, hasa mzee anayefikiria kuuza ng'ombe au kiwanja cha Nala ili kijana asafiri.

Kwenye mikataba ya serikali ya Marekani, kumtoza mfanyakazi ada ya kumpatia ajira ni marufuku. Amri ya rais ya Septemba 2012 na kanuni zilizoanza kutumika Machi 2015 zinasema hivyo, na zinakataza pia kushikilia pasi ya kusafiria ya mfanyakazi na kumdanganya kuhusu mshahara, mahali au aina ya kazi. Mkataba ukitakiwa kuandikwa, upewe angalau siku tano kabla ya kuondoka kwenu, kwa lugha unayoielewa. Nauli ya kurudi ni ya mwajiri. Kwa hiyo anayekuambia "toa milioni mbili nikuunganishe na kambi ya Wamarekani" ama ni tapeli, ama anavunja kanuni za mkataba anaoutaja.

Anayedaiwa hana sauti. Ndiyo sababu nalisisitiza kuliko yote. Mwaka 2004 vijana 12 wa Nepali walichukuliwa na mawakala, wengi wakiahidiwa kazi za hoteli Jordani. Wakavushwa kwenda Iraki kufanya kazi kwenye kambi ya jeshi, wakatekwa njiani, na mwezi Agosti wakauawa. Familia zao zilikuwa zimekopa fedha za kuwasafirisha. Kijana asiye na deni angeweza kusema Jordani, "hapa ndipo tulipokubaliana, siendi mbele."

Hapa nyumbani, wakala wa ajira lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ukaulize jina la kampuni hiyo, ukiwa na tangazo lenyewe mkononi. Dodoma tuna bahati, wizara ziko Mtumba, ni nauli ya daladala. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Aliyedanganywa ana pa kushitaki. Na usisafiri kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba "itabadilishwa huko".

Kwenye mkataba niangalie nini?

Jina kamili la mwajiri na la mkandarasi mkuu aliye juu yake. Jina la kambi na nchi. Saa za kazi, maana saa kumi na mbili kwa siku, siku sita au saba kwa wiki, ni kawaida. Uone kama mshahara uliotajwa umeshajumuisha hizo saa. Likizo na nani analipa tiketi. Mshahara unalipwa wapi na kwa sarafu gani. Uwe tayari kukuta mtu wa nchi nyingine analipwa zaidi kwa kazi ileile, kwa sababu makampuni mengi hupanga kwa soko la nchi unakotoka. Si haki, na nalisema wazi, lakini ni bora ulijue ukiwa Dodoma kuliko kulikuta kule.

Bima ndiyo watu husahau. Sheria ya Marekani ya 1941 inamlazimu mwajiri kwenye kambi zao za nje kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali na kifo kazini, bila kujali uraia. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30, na madai yafunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Mwachie ndugu nyumbani nakala ya mkataba na jina la kampuni ya bima, kwa sababu ukifa wewe hutakuwepo kuwaelekeza.

Nyaraka gani niandae?

Pasi ya kusafiria kutoka Uhamiaji, cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha polisi cha alama za vidole, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyeti vya masomo, na barua za kazi zinazoeleza ulisimamia watu wangapi na milo mingapi. Barua inayosema tu "alikuwa mtumishi mwaminifu" haikusaidii.

Naweza kupiga picha nitume nyumbani?

Hapana. Wala usitaje kwenye simu idadi ya watu, ratiba za milo au lini kikosi kinaondoka.

Nianzie wapi nikiwa hapa Dodoma?

Popote penye watu wengi wanaokula kila siku. Kafeteria na hosteli za UDOM, shule za bweni kama Msalato, jiko la hospitali, hoteli zinazojaa wakati wa Bunge. Soma upishi au huduma za hoteli VETA au chuo chochote kinachotambulika. Ukishaingia jikoni, nunua kipimajoto chako mwenyewe na uanze kuandika: joto la jokofu asubuhi na jioni, idadi ya waliokula, kilo zilizopikwa, kilo zilizobaki. Hakuna atakayekuagiza. Baada ya miezi kadhaa daftari hilo litakuwa na mambo ambayo cheti hakina. Omba pia kukaa mwezi mmoja stoo na mwingine kwenye usafi wa vyumba, hata kama unapenda jiko, kwa sababu msimamizi wa kambi anapewa vyote.

Kwenye usaili wataniuliza nini, nami niulize nini?

Watakuuliza visa halisi. Jokofu limekutwa na nyuzi 12 saa kumi na moja alfajiri, hujui tangu lini: utafanya nini? Jibu ni kutupa vyote vinavyoharibika, kuandika, kutoa taarifa, kubadili menyu ya asubuhi kwa vilivyo kwenye stoo kavu. Ofisa mwenye nyota anataka kupita mlangoni bila kuhesabiwa: utasemaje? Mhesabu, kwa heshima. Wapishi watatu wanaharisha siku moja: unaanza na nani? Unawatoa jikoni, unamwita daktari wa kambi, unazuia chakula walichogusa, na unahifadhi sampuli za milo ya siku hizo. Mabwalo mengi huweka sampuli kwa saa 72 kwa ajili ya siku kama hiyo.

Wewe waulize mambo manne, na uandike majibu mbele yao: mwajiri wangu kisheria ni nani, pasi yangu itakaa kwa nani, nikiugua nalipwa, na mkataba ukivunjika kabla ya muda nani ananinunulia tiketi ya kurudi hadi Tanzania.